Minyaa ya Uwanja wa Kriketi

Mimi sijui kukaa. Mke wangu husema nilizaliwa juu ya siafu. Asubuhi nipo mahakamani Musoma, mchana nina mteja Bunda, jioni nimeshika gongo la kriketi, na bado naona siku imenipunja.

Watu hucheka wakisikia kriketi. Wakili mzima, mtoto wa wafugaji wa Butiama, anakimbia huku na huku na gongo mkononi! Wacheke. Nilifundishwa na fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Mukendo, Musoma, ndiye nahodha wetu hadi leo. Hatulipwi hata soda. Ila mpira ukinijia kwa kasi nami nikaupata sawasawa, hapo tu ndipo kichwa changu hutulia.

Tulichezea Butiama, kwenye shamba la mzee mmoja aliyetuachia eneo bure. Ukingo wa uwanja tuliuonyesha kwa vibendera, navyo vikaibwa kila tulipoviweka. Nahodha akachoka, tukakata vipande vya minyaa tukavichomeka kuzunguka uwanja. Upande mmoja tuliingia kidogo kwenye shamba la mdogo wake mzee. Naye akasema tucheze tu, hana neno. Minyaa haitaki kubembelezwa, ikashika, na miaka ilivyopita ikawa ua mrefu.

Tatizo ni kwamba kwetu Mara, ua wa minyaa katikati ya mashamba ndio mpaka. Hakuna anayeuliza umetoka wapi.

Yule mdogo mtu alifariki. Mjane wake alipoanza kulima kile kipande, mzee akamzuia, na mama wa watu akaenda kushtaki kwenye baraza la ardhi. Kipande chenyewe ndicho kilichokuwa na udongo mzuri, na ana watoto wa kulisha. Mzee akanifuata stendi ya Bunda akanieleza habari zake huku mimi naangalia saa. Alisema mpaka upo tangu enzi za baba yake. Sikuuliza mpaka gani. Nikakubali, tena kwa furaha, maana mzee akishinda na uwanja unabaki.

Siku baraza lilipokuja kuangalia shamba, mzee alinyoosha fimbo. "Mpaka ndio huu. Nilikuwaga nauona toka niko mtoto."

Alikuwa anaonyesha minyaa yetu. Nilimtazama usoni nione kama anadanganya, na wallahi hakuwa anadanganya. Alikuwa amezoea kuiona kila siku mpaka akaiamini.

Mjane akasema mpaka ulikuwa mawe. Mwenyekiti wa baraza akamuuliza, "Mama, minyaa tunaiona. Hayo mawe yako wapi?"

"Yalikuwepo, mheshimiwa," alisema.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wakili, una la kuongeza?"

Ilitosha kusema sina. Nahodha wetu, aliyekuja na wachezaji wachache kutazama, alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi miguu ilikuwa inanicheza. Ulimi ukanitangulia.

"Mheshimiwa, najitoa. Siwezi kuwa wakili hapa, mimi ni shahidi. Minyaa hii tuliipanda sisi, kwa ajili ya mchezo."

Nahodha aliulizwa, akathibitisha. Baadaye mjane akapewa kipande chake, akang'oa minyaa, akapanda mihogo. Sisi tukahamia Kiabakari, kwenye uwanja wa mawe matupu. Wenzangu walinipongeza kwa ujasiri, na nikajiona mtu wa haki hasa.

Juzi nikapita kwa mzee kumsalimia. Niliogopa atanifukuza. Akanipa kigoda, akaagiza uji, ukaletwa.

"Mwanangu," akasema, "ile minyaa nilikosea. Macho ya uzee haya. Lakini mbona hukuniita pembeni?"

Nikaanza kumweleza mambo ya sheria. Akanikatiza kwa mkono.

"Ungeniambia mimi kwanza, ningempa shemeji yangu shamba lake siku ileile, kwa mdomo wangu. Mimi si mwizi. Sasa anakutanaga na mimi njiani, anageuza uso. Watoto wa mdogo wangu hawaji tena hapa."

Uji ulikuwa wa moto. Niliushika tu mkononi, nikashindwa kuunywa.