Niliigiza Mgonjwa Kwenye Video, Sasa Ukweni Wanataka Mwenye Hadithi

Mhariri, tafadhali jina langu lisitokee, na la chuo pia. Majina mengine humu nimeyabadilisha. Nina miaka ishirini na mitatu, niko mwaka wa pili chuo cha ualimu hapa Migori, na kwetu ni Karungu. Nimechumbiwa na Owino, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwao ni Rodi Kopany, upande wa Homa Bay. Mimi si mtu wa kulialia ovyo. Wenzangu huniita redio kwa vile sinyamazi, lakini wiki hizi mbili hata chakula hakipiti.

Mwaka jana mwalimu wetu mmoja alileta kamera ya video chuoni. Alisema wako watu wengi wasioweza kuja darasani, basi darasa liwafuate kwa kanda. Unaweka televisheni juu ya meza sokoni, unawasha jenereta, watu wanasoma wakiwa wamesimama. Tulifurahi kama watoto. Tulikuwa watano wapenda sanaa, na mitihani tuliisahau kwa ajili ya mazoezi. Atieno, ambaye tunalala chumba kimoja, ndiye mwandishi wetu. Aliandika mchezo wa msichana wa chuo aliyeambukizwa ukimwi na mpenzi wake wa kwanza, akawaficha wazazi kwa kuogopa kufukuzwa nyumbani. Mimi nikapewa nafasi ya huyo msichana kwa kuwa machozi yangu yako karibu. Nilipakwa majivu usoni, nikafungwa leso, nikasema yale maneno nikiitazama kamera. Mwalimu mwenyewe alijifuta macho. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona nyota.

Kanda ikazungushwa masoko ya Migori na Homa Bay. Nilidhani mtu akitazama mchezo anajua ni mchezo. Kumbe huku kwetu televisheni ni ya habari na mahubiri, na mtu anayeongea akikutazama machoni anatoa ushuhuda. Mwalimu wa darasani ukimshangaa unanyoosha mkono unamuuliza. Kanda haiulizwi kitu. Inarudia tu maneno yaleyale, kila soko, na mimi sipo hapo kujieleza.

Mwezi uliopita Owino alinipeleka kumsalimia mama yake, ambaye huuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mama alinishika mkono, akanitazama, akauachia.

"Wewe si ni ule msichana wa video?"

Nikacheka. "Ndiyo mama, lakini ule ulikuwa mchezo tu."

"Mchezo? Nyar Karungu," akaniita, yaani binti wa Karungu, "mimi nimezika watoto wawili wa dada yangu. Maneno kama yale mtu hawezi toa tu kwa kichwa."

Nilikwenda kupimwa. Sina ugonjwa. Tukarudi na Owino, nikampelekea mama karatasi ya hospitali, naye hata hakuigusa. "Hata kwa video mlikuwa na karatasi," akasema, "na iko na muhuri." Ni kweli, tulikuwa nayo. Ule muhuri Atieno aliuchonga kwa kiazi. Mama akaendelea, "Lisemwalo lipo. Kama hadithi si yako, lete mwenye aliiandika aniambie kwa mdomo wake aliitoa wapi. Usipomleta, usirudi hapa." Nilimgeukia Owino anitetee. Alikuwa anatazama kikombe chake cha chai. "Si umlete tu," akasema. "Mama akisikia ataridhika."

Nilirudi chuoni nikiona jambo lenyewe ni jepesi. Nilimkuta Atieno anakunja nguo, nikamwambia kwa utani, "Mwandishi, umenikosesha mume. Twende Rodi ukamwambie mama ulitunga."

Hakucheka. Aliketi kitandani, akasema, "Sikutunga. Yule ni mimi."

Hakuna anayejua, si mama yake wala daktari wa chuo. Kumbe kile kikohozi chake cha usiku, alichosema ni cha vumbi la chaki, hakikuwa cha vumbi. "Nilitaka mtu aseme, hata mara moja tu," aliniambia. "Mimi nilishindwa. Nikakupa wewe, sababu wewe unaweza kulia mbele ya watu." Nilimkumbatia tukalia wote. Lakini nisiwadanganye: nilimwonea huruma na wakati huohuo nilimkasirikia vibaya. Aliutumia uso wangu bila kuniuliza.

Kesho yake akaniambia atakwenda nami Rodi. Atasema alitunga kila kitu, na mimi nitakuwa nimepona lawama. Hapo ndipo nilipo, sina mbele wala nyuma. Atieno amekonda. Mama aliyezika wawili hatahitaji kuambiwa, atamsoma kabla chai haijamiminwa. Na shangazi yake Atieno anauza ndizi kwenye soko hilohilo, meza ya pili kutoka kwa mama. Siku hiyohiyo habari zitafika kwao, kwa wazazi wasiojua lolote. Nisipompeleka, mimi ndiye nitakayebaki mgonjwa wa Rodi Kopany, na Owino nimempoteza. Nimemwomba Owino twende zetu tukafunge ndoa bila baraka za mama. Akasema hawezi.

Tumepanga kwenda Jumapili ya mwisho wa mwezi. Atieno ameshaomba ruhusa. Jana, na joto hili la huku, alivaa sweta mbili moja juu ya nyingine, akageuka mbele yangu, akauliza, "Hivi ataona?"

Nilimwambia hataona. Najua ataona. Nilisema hivyo kwa sababu nampenda Owino.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, mlio na marafiki na mlio na wachumba, nijibuni kabla ya siku hiyo: nimzuie, au ninyamaze twende naye? Nifanyeje mimi?