Mzee Boila na Jungu Lisilotaka Kuchunguliwa

Huyu ninayetaka kuwasimulia, tuelewane mapema, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa boila tu. Miaka thelathini na moja alilisha boila, tangi kubwa la kuchemshia maji, katika kiwanda cha kufulia nguo, mashuka ya hoteli na ya hospitali, na kwa miaka yote hiyo moto wake haukuzimika ila pale alipouzima mwenyewe. Ukipita mlangoni kwake atakwambia hilo kabla hujamaliza kumwamkia. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Boila, naye alilipokea jina hilo kama nishani.

Lakini jikoni kwake, bwana huyu hakujua hata chumvi inakaa wapi. Moto wa kuchemsha tani nne za maji aliujua kwa kuusikiliza. Moto wa kukaanga yai moja ulimshinda. Ukimuuliza, anakunja pua: "Ule si moto, ni mchezo wa watoto." Na kwa dharau hiyohiyo alikula chakula cha mkewe miaka arobaini bila kusimama mbele ya jiko hata kwa kupotea njia.

Basi, mkewe akaanguka. Wiki tatu mama wa watu alikuwa anasema pazia la sebuleni limechomoka ndoano, lipandishwe. Wiki tatu mzee alikuwa anajibu, "Nitalitazama." Na kweli alilitazama, kila siku, akiwa ameketi. Mama akachoka, akapanda kwenye stuli mwenyewe. Stuli ikateleza, kidevu kikawahi ukingo wa meza. Taya likavunjika mahali pawili na kifundo cha mkono wa kushoto kikateguka. Hospitali walimfunga meno ya juu na ya chini kwa nyaya nyembamba, wakasema wiki sita: hakuna kutafuna, hakuna kusema, chakula kiwe supu laini inayopita kwenye mrija.

Msidhani mzee alipata utulivu. Binti yao, mwalimu wa hesabu anayeishi mji mwingine, alimletea mama kibao cheusi cha shule na boksi la chaki. Mama yule, aliyekuwa na maneno makali kwa mdomo, akagundua kwamba kwa chaki ni makali zaidi, maana hayapotei hewani. Unayakuta yamekungoja.

Mwalimu alileta na kitu kingine: jungu la umeme, lile la kupika polepole, bakuli zito la udongo wa kung'aa ndani ya ganda la bati, na kifuniko cha kioo. Akaliweka mezani siku ya Jumapili, akamwita baba yake kama anavyoita mwanafunzi wa nyuma ya darasa.

"Baba, njoo uone. Vipande vya kuku na mifupa yake. Karoti, viazi, kitunguu, punje mbili za kitunguu saumu. Maji mpaka yafunike. Unafunika. Unawasha, moto wa chini. Unaondoka. Masaa manane baadaye unatoa mifupa, unasaga kwenye blenda, unachuja. Kwisha."

"Masaa manane?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kwa masaa manane mimi nafua mashuka ya hoteli nzima!"

"Ulikuwa unafua, baba. Sasa unapika kuku."

"Na nani analilinda?"

"Halilindwi. Linajipikia."

"Moto usiolindwa!" Mzee akamgeukia mkewe atafute shahidi. Mkewe alikuwa anatazama dari.

Mwalimu hakucheka. "Mama ametoka hospitali amepungua kilo nne. Leo nimempima, hamsini na mbili kamili. Jumamosi narudi na mzani huuhuu. Akipungua hata nusu kilo, naondoka naye kwangu, wiki zote zilizobaki."

"Na mimi?"

"Wewe una kiti chako, baba."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Miaka arobaini hajawahi kulala katika nyumba ile bila kusikia mtu mwingine akipumua.

Jumatatu akaanza. Alikata karoti kama anavyokata mpira wa bomba, vipande vya inchi mbili, akafunika, akawasha. Dakika kumi baadaye akainua kifuniko. Hakuna kitu. Akafunika. Akainua tena. Mvuke kidogo. Akaonja, akafunika, akatembea mpaka dirishani, akarudi, akainua. Mkewe aliyekuwa kwenye kochi alichukua kibao, na kila kifuniko kikiinuliwa akapiga mstari. Jioni mistari ilikuwa arobaini na moja, na karoti zilikuwa zinalia kwenye kijiko kama kokoto.

Mzee alisaga hivyohivyo. Blenda ilinguruma, ikanuka kuungua. Kilichopita kwenye chujio kilikuwa na rangi ya dirisha lisilooshwa. Mama akavuta mrija mara tatu, kwa heshima ya ndoa, kisha akaandika:

MAJI YALIYOOSHA KUKU.

"Jungu ndilo bovu," mzee alisema. "Halina nguvu. Halina hata geji ya kupimia mvuke!"

Jumanne alijizuia asiinue sana. Lakini alikuwa na safari, kwanza sokoni, kisha kwa kinyozi, kisha kusimama kona kueleza watu kuhusu boila. Na mtu wa boila haachi moto peke yake. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa na ya mwisho aliyoifundisha. Hivyo kila alipotoka, alichomoa waya ukutani. Akirudi anachomeka, akitoka anachomoa. Kuku wa watu akashinda siku nzima kwenye maji ya uvuguvugu, hajaiva na wala hajapoa.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, anayeona kila mguu unaopita ngazini, alimuuliza, "Mzee wangu, mbona leo unapanda na kushuka kama mgonjwa wa tumbo?"

"Nazima mtambo."

"Mtambo gani?"

"Wa supu."

Fundi aliweka mkasi chini ili acheke vizuri. "Mzee, na friji nalo unalizima ukitoka? Maana nalo liko peke yake mle ndani, linaogopa."

Jioni mama alinusa bakuli mara moja tu, akageuza uso. Hakusumbuka kuandika sentensi. MWAGA. Usiku ule alikunywa maziwa, kama usiku uliotangulia.

Jumatano asubuhi mama alikuwa anaosha uso kwenye beseni, mzee amemshikia taulo. Kitu kikalia ndani ya maji: ting. Mzee akapeleka mkono, akatoa pete ya ndoa. Ilikuwa imechomoka kidoleni yenyewe, pete ambayo kwa miaka mingi haikutoka hata kwa sabuni. Alijaribu kumvisha tena. Ikateleza, ikatoka.

Mzee akakaa kwenye ukingo wa kitanda, pete kiganjani.

"Nimpigie mwalimu aje leo," alisema. "Jumamosi mbali. Mimi nitakuua."

Mama akachukua kibao, akaandika polepole, akamgeuzia.

BOILA LILE, LILIPOKUWA KAZINI, ULIKUWA UNALIFUNGUA UONE NDANI?

"Wewe nawe!" Hata katika huzuni ile, kiburi kikampanda. "Nani afungue boila linalofanya kazi? Ukifungua, mvuke wote unakimbia, kazi ya asubuhi nzima imepotea, na wewe mwenyewe umeungua uso. Unaliacha! Ukitaka kujua hali yake, unaweka mkono karibu na ganda, unasikiliza, unatulia..."

Mkewe alikuwa amenyoosha chaki kuelekea mezani, kwenye jungu.

Sitasema mzee aliona haya, maana kuona haya kunahitaji mazoezi. Lakini alinyanyuka. Alimwosha kuku, akakata karoti na viazi vidogo vidogo, akatia kitunguu, akatia maji. Saa moja kamili asubuhi akafunika na kuwasha. Kisha akaenda kabatini, akavaa ovaroli yake ya kazi, vifungo vyote, akavuta kiti, akakaa mbele ya jungu, mikono magotini. Kama moto hauachwi, basi hautaachwa.

Saa nne fundi cherehani alipanda kuleta uji mwepesi wa mama, akasimama mlangoni. "Mzee! Unalinda supu?"

"Kaa mbali na mtambo."

"Nusa tu kidogo..." Fundi akapeleka mkono kwenye kifuniko. Mzee alimpiga kofi la vidole, pa!

"Mwendawazimu! Unataka kuachilia mvuke wangu?"

Fundi aligeuka kwa mama, anatafuta mtu mwenye akili. Mama alikuwa amefunga macho, mabega yanatikisika. Kucheka ukiwa na nyaya mdomoni ni mateso, na yule mzee alikuwa anamtesa.

Saa saba hivi tatizo likatokea, la mtu yeyote aliyeketi masaa sita. Mzee akasogea huku na huku kwenye kiti, akavumilia, akashindwa. Akapiga sakafu kwa kisigino mpaka fundi akapanda tena.

"Pokea zamu," mzee alimwambia. "Hali: moto wa chini. Kifuniko: kimefungwa. Hitilafu: hakuna. Dakika tano. Sema umepokea."

"Nenda chooni, mzee!"

"Sema umepokea!"

"Nimepokea, jamani, nenda kabla hujaaibika!"

Saa tisa kamili kifuniko kikainuliwa, mara ya kwanza kwa siku nzima. Nyama iliachana na mifupa bila kulazimishwa. Kiazi kilivunjika kwa kutazamwa. Blenda haikunguruma hata dakika. Supu ilipita kwenye chujio, nzito, ya manjano, na mama akavuta kikombe cha kwanza bila kupumzika. Akaonyesha kikombe kwa kidole. Mzee akajaza cha pili. Akamaliza, akaandika:

CHUMVI HAIPO. ENDELEA.

Alhamisi akaendelea, akaongeza dengu. Ijumaa boga. Siku zote mbili aliketi zamu nzima na ovaroli yake, na mtaa mzima ulipanda kwa zamu kumcheka.

Jumamosi mwalimu akafika na mzani. Mama akapanda. Watatu wakainama kusoma.

Hamsini na moja na gramu mia saba.

"Umepungua gramu mia tatu," mwalimu alisema. Akausoma mzani tena, kama anayetafuta kosa kwenye hesabu yake. "Nilisema nusu kilo. Baba, umeponea chupuchupu."

Mzee akavuta pumzi ya kuanza hotuba. Mwalimu akamkatisha kwa kiganja. "Lakini mama, achana na mzani. Twende tu. Kwangu kuna chumba, na mimi najua kupika, sihitaji kuvaa ovaroli. Kwa nini uteseke?"

Mzee alikunja taulo ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Mama alifuta kibao kwa kiwiko. Aliandika kwa muda mrefu, akajaza upande mmoja, akageuza wa pili. Kisha akampa binti yake asome kwa sauti, ili mzee asije akasema hakuona bila miwani.

"'Nimempikia miaka arobaini,'" mwalimu akasoma, "'hajawahi kuuliza chumvi iko wapi. Zimebaki wiki tano za kukaa kwenye kochi nimtazame akipika. Wewe unataka kuninyang'anya wiki tano hizo?'"

Mwalimu alirudisha mzani kwenye mfuko. Mzee Boila alikohoa, akanyoosha ovaroli, akaelekea jikoni.

"Mama Mwalimu," akamwita mkewe kutoka huko, makabati yanafunguliwa na kufungwa moja baada ya jingine. "Samahani. Iko wapi?"