Nililia Njiani Lobule

Ndiyo, ni mimi niliyelia njiani Lobule. Siombi msamaha, na Jumamosi nitapita tena. Huwa natoka Koboko kwa miguu, begi mgongoni, nikisikiliza podkasti ya wapanda milima. Siku hiyo mmoja alisimulia alivyomwacha rafiki yake kwenye theluji, nami machozi yakanitoka. Kwa zile hedfoni, hata salamu sikuzisikia. Lakini kwetu anayelia haachwi atembee peke yake. Mama mmoja aliacha jembe akanifuata, kisha wengine. Nilipogeuka, walikuwa kumi na wawili.

“Pole, mwanangu. Maiti iko wapi?”

“Hakuna maiti, mama. Natembea tu.”

“Unaenda wapi?”

“Popote. Halafu narudi.”

Mama akakaza leso kiunoni.

“Basi lia vizuri. Sisi tumeacha mashamba.”