Majirani Waliokuja Kunizika

Ndugu zangu, leo alfajiri majirani wamekuja kunizika.

Kosa ni la jino. Gego la chini lilianza kuniuma jana jioni, wakati kodi ya Mwingereza imeshanikausha mfuko na kahawa yangu bado mbichi mtini.

Nikasukutua maji ya chumvi. Nikauma karafuu. Wapi!

Usiku nikalia kwa sauti. Mke wangu Paskazia naye akalia, kwa kunihurumia.

Sasa hapa Kanazi, mume na mke wakilia pamoja usiku, watu wanaelewa jambo moja tu.

Kulipopambazuka nikafungua mlango, shavu limevimba kama boga. Mbele ya nyumba wamejaa watu, wamekuja na kuni na mikungu ya ndizi. Shangazi Koleta aliponiona akapiga ishara ya msalaba.

"Waitu, jamani, nani amekufa?"

"Hakuna, shangazi. Ni jino tu."

(Mngekuwa ninyi, mngesema nini?)

Katekista alikuwa ameshika kikapu cha mchango wa sanda. Akaanza kuwarudishia watu senti zao. Shangazi akamshika mkono.

"Hizo zinatosha kung'oa jino huko Bukoba?"

"Zinatosha."

"Basi mpe. Sanda tutamnunulia siku atakayokufa kweli."

Nimerudi kutoka mjini sasa hivi, jino limetoka. Waombolezaji bado wako kwangu, wanakula ndizi za msiba na kucheka.

Mimi nimekatazwa kutafuna mpaka kesho.