Bampa la Bingwa

Milango ya gari la mashindano imechomelewa, kwa hiyo bingwa hujipenyeza dirishani, na msimu huu wa mwisho Harlan, fundi wake, humwinua kiunoni akijifanya anamkung'uta vumbi. Vidole vimemkakamaa, karanga zake siku hizi Harlan ndiye humtumbukizia ndani ya soda, maana Carolina nzima, huku kusini mwa Marekani, ndivyo wanavyozila. Lakini bampa la nyuma hamwachii mtu. Kila Jumatatu hulipaka rangi upya mwenyewe, akinung'unika, "Mikwaruzo ya watu siitembezi mimi." Na dereva akimgonga kwa pupa, humfuata hadi kwenye trela lake la kubebea gari na kumvuta sikio: "Sukuma, usigonge! Kugonga hata ng'ombe anajua."

Jumamosi, katika mbio zake za kuaga, aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho. Kwenye kona, Kaylee Suggs, binti ambaye bingwa mwenyewe alimfundisha mbio, akamsukuma kwa nyuma na gari lake la njano, kidogo tu. Gari la mzee likateleza nje, binti akapita kwa ndani na kushinda. Jukwaa zima likamzomea. Akamjia mzee akilia.

"Mzee, nisamehe."

"Unalia nini? Ulitaka nikupishe kama bibi harusi?"

Jumatatu Harlan akamfungulia kopo la rangi. Bingwa akachutama, akapangusa bampa kwa leso yake, taratibu, akiuzunguka ule mkwaruzo wa njano bila kuugusa.

"Funika kopo," akasema. "Huu si wa watu. Huu wangu."