Mama Breki Alipoacha Wanga

Jina la Mama Breki hakulipata kwa upole. Alipewa na wanafunzi wake wa shule ya udereva kwa sababu ya mguu wake wa kulia, uliokaa juu ya ile breki ya pili, ya mwalimu, tayari kukanyaga kabla mwanafunzi hajajua kwamba amekosea. Na alikanyaga hata asipokuwa garini. Akitazama filamu na mumewe, gari likikata kona kwa kasi, yeye anabonyeza sakafu. Kitandani alimpiga mumewe mateke mpaka yule bwana, fundi wa kuchomelea vyuma na mtu wa maneno machache, akahamia upande wa ukutani akisema afadhali ukuta. Hakuwa mtu wa kutulia, na kutotulia kwake ndiko kulikowafikisha wanafunzi nyumbani wakiwa wazima.

Kisha wakampima, wakamkuta na sukari. Daktari aliyewapima afya walimu wa udereva kila mwaka, kijana mwenye sauti ya chini, alimwandikia vidonge kisha akamwambia jambo ambalo lilimkata maini. "Mama, sukari ikiendelea kupanda hivi, mwakani sitaweza kukupitisha. Siwezi kukuweka kwenye gari na mwanafunzi."

Alitoka pale hajui anakanyaga wapi. Kiti kile cha pembeni ndicho alichokitafuta maisha yake yote. Wenzake wengi walifundisha udereva wakisubiri kupata kazi nzuri zaidi. Yeye alikuwa ameshaipata, na alijua hivyo, na kila asubuhi alifunga mkanda kama bibi harusi anayevishwa mkufu.

Hapo akaingia wifi yake. Kila ukoo una wifi wa namna hii, na kama ukoo wako hauna, basi jitazame vizuri, huenda ni wewe. Dada huyu wa mumewe alikuwa ameacha wanga, amepungua, amepunguza magauni yake yote, na amekuwa hakaliki naye mezani. "Wifi yangu, acha wanga," alisema. "Mkate, wali, viazi, uji, tupa kule. Kula mayai, nyama, mboga za majani, parachichi. Sukari itakosa pa kukaa."

"Na vidonge?"

"Meza kama kawaida. Si vitasaidiana?"

Basi akawa na madaktari wawili. Wa kwanza alikuwa amesoma miaka mingi, wa pili alikuwa na kiuno. Akamfuata mwenye kiuno.

Siku za mwanzo aliona fahari. Mkanda wa sketi ulilegea. Mumewe, kwa kumuonea huruma, akaacha kuleta mkate nyumbani. Akawa anakula wake kazini na kurudi na chembe kwenye masharubu, na mkewe akizitazama zile chembe kwa jicho ambalo mwanamume hapaswi kutazamwa nalo kwa sababu ya mkate.

Halafu uchovu ukaja. Haukuwa uchovu wa kazi, ule anaoujua kila mtu, unaoondoka ukikaa. Huu aliamka nao. Ulikuwa mzito kwenye mapaja na laini kichwani, kama mtu amemfunika shuka nyepesi usoni na anaangalia dunia kupitia humo. Alitia simu kwenye friji na kubeba yai kwenye mkoba. Siku moja, katikati ya makutano, alilitafuta neno "klachi" akalikosa. "Kanyaga ile," alimfokea mwanafunzi, "ile... ile ya kushoto, ile mama yake gia!" Mwanafunzi alicheka mpaka gari likazimika. Mama Breki alicheka naye, lakini moyoni alikuwa amepigwa na baridi.

"Ni mwili unazoea," wifi alisema. "Sisi wote tulipita huko. Jikaze."

Akajikaza. Alifungua dirisha upepo umpige. Alikunywa kahawa chungu. Alijifinya paja, aliimba, aliwauliza wanafunzi alama za barabarani kwa sauti ya juu ili asikie sauti yake mwenyewe. Maji ndiyo hakunywa, kwa sababu mwalimu wa udereva anayekunywa maji atasimamisha wapi gari akibanwa? Na kila alipofikiria kwenda kwa daktari alijijibu upesi: nikimwambia kichwa changu hakifanyi kazi, huo ndio mwisho. Kwa hiyo alilinda kiti chake kwa kumficha hali yake yule mtu ambaye angeweza kumsaidia asikipoteze. Ukitaka kumwita mjinga, mwite, lakini wengi wetu tumewahi kufanya hivyohivyo.

Sasa, miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kinyozi mmoja, mtu mzima, ambaye angeweza kupitisha wembe kwenye koo la waziri mkono usitikisike, lakini akishika usukani alitetemeka mpaka funguo zinalia. Alikuwa ameshafeli mtihani mara mbili. Kosa lake lilikuwa moja: hakufanya jambo mpaka aambiwe. Taa ikiwa ya kijani alingoja, "Niende, mwalimu?" Nyuma yake honi zinapigwa na watu wanatajiana mama zao, na yeye bado anangoja ruhusa. Mama Breki alikuwa ameshakata tamaa naye, ingawa hakumwambia.

Siku moja, kiasi cha saa tano asubuhi, walishika barabara kuu itokayo mjini. Jua lilikuwa linaingia kupitia kioo cha mbele. Mama Breki alikuwa amemeza vidonge vyake na mayai mawili, kisha akafundisha wanafunzi wawili mfululizo bila kutia kitu kinywani. "Nyoosha hivyo hivyo," alimwambia kinyozi, "mpaka nikuambie." Kisha akakipumzisha kidogo kile kichwa chake kilichochoka, yaani alifumba macho tu, kama mtu anayepepesa.

Alipoyafumbua, maduka hayakuwepo. Kulikuwa na ukuta mrefu wa kiwanda, halafu uwanja mtupu, halafu nyumba ambazo hazijaezekwa. Gari lilikuwa linakwenda vizuri, upande wake, kwa mwendo wake. Kinyozi alikuwa ameloa jasho shati zima.

"Tuko wapi?" aliuliza, na ulimi ulikuwa mzito.

"Sijui, mwalimu. Ulisema ninyooshe mpaka uniambie."

"Tumepita mzunguko?"

"Miwili. Na reli. Na lori la saruji lilikuwa limeharibika katikati ya njia, nikalizunguka." Akaangalia kioo cha nyuma. "Mwalimu, mimi sinyoi nusu kichwa nikaacha. Mteja asiposema basi, naendelea."

"Simama," alisema. "Weka indiketa. Pembeni. Taratibu."

Kinyozi akaegesha kwa ustadi ambao hajawahi kuuonyesha. Mama Breki akajaribu kufungua mlango na vidole vikakataa. Jasho la baridi lilikuwa linamtiririka mgongoni, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio. Kinyozi akapapasa mfukoni akatoa pipi, zile anazowapa watoto wanaolia wakinyolewa. "Chukua, mwalimu. Umepauka."

Alitaka kusema kwamba yeye hali sukari. Badala yake alizitafuna tatu, nusura azitafune pamoja na makaratasi yake. Baada ya muda kidogo ile shuka usoni mwake ikaondolewa. Aliona jani moja moja la mti uliokuwa mbele yao. Na kwa akili hiyo iliyorudi, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba mtu huyu alikuwa ameendesha gari mwendo wote huo bila mwalimu, na kwamba angeweza kumgeukia mwalimu wake akamkuta maiti, au wangekufa wote wawili.

Kurudi, kinyozi ndiye aliyeendesha tena. Njiani akaanza kutabasamu. "Mwalimu, leo umenitendea wema," alisema. "Nilikuona. Ulifumba macho makusudi, ili nijiamini. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniamini kiasi hicho."

Mama Breki hakusema ndiyo. Hakusema siyo pia. Alitazama nje.

Walipofika shuleni kinyozi alimsimulia kila aliyekuwa na masikio. Mkuu wa shule, bwana mnene anayependa maneno makubwa, alimshika mkono Mama Breki akautikisa. "Mwalimu, hii ndiyo mbinu! Kumbe ukali wote ule una siri ndani yake. Mwezi ujao utawaelekeza na wenzako." Aliambiwa hayo na mdomo wake bado una utamu wa pipi, akatamani ardhi ipasuke.

Alasiri hiyo alikwenda kwa daktari, akatapika yote: wanga, wifi, mayai, kahawa, barabara kuu. Daktari alimpima, akavua miwani, akaiweka mezani.

"Mama, vidonge hivi vinashusha sukari, umekula au hujala. Unaondoa wanga wote, unameza dozi ile ile, hunywi maji, halafu unashangaa kichwa kinazima? Kupunguza wanga si kosa. Ungekuja, ningekupunguzia dozi, tukaenda hatua kwa hatua, na maji, na kitu kidogo cha kula kila saa chache. Kosa ni kuniacha mimi nje."

"Nilidhani utaninyima kiti."

"Sasa ndiyo nakunyima," daktari alisema, bila furaha. "Usifundishe mpaka tuone sukari imetulia, na inaweza kuchukua muda. Mkuu wako lazima ajue. Ningependa umwambie mwenyewe."

Usiku ule mezani kulikuwa na viazi kidogo kwenye sahani yake, kwa amri ya daktari, na hakuvigusa. Aliinuka, akakaa, akafuta meza iliyokwishafutwa, akaenda dirishani.

"Nikisema, wananiondoa," alimwambia mumewe. "Nikinyamaza, mimi ni shujaa. Na kinyozi ana mtihani kesho! Anajiamini kwa sababu ya uongo huu. Nikiutoa, ataanguka tena."

Mumewe alitafuna, akameza. "Yule kinyozi ana watoto?"

"Anao."

Akaendelea kula. Mkewe alimchukia kwa swali hilo karibu mpaka asubuhi.

Asubuhi kinyozi alikuwa ofisini kwa mkuu, amevaa shati lililonyooshwa, anangoja mtahini. Mama Breki aliingia bila kubisha. Akaweka funguo za gari juu ya meza kwanza, kwa sababu alijua akizishika hatasema.

"Jana sikufumba macho makusudi," alisema. "Nilipoteza fahamu. Nimekuwa nikiumwa wiki kadhaa na nimewaficha. Hakuna mbinu yoyote."

Mkuu alikaa chini polepole. Kinyozi alibaki amesimama.

"Hukuwepo?" aliuliza.

"Sikuwepo."

"Kwenye mizunguko?"

"Kote."

"Na lile lori?"

"Sikuliona lori lolote."

Uso wa kinyozi ukabadilika rangi. "Ungetuua, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Nina watoto wanne. Ningekufa nikidhani unanilinda."

Mkuu akafungua droo, akatupia funguo ndani, akasema maneno aliyopaswa kusema: kwamba shule ingefungwa, kwamba watu wangezikwa, kwamba kiti kile asikiote mpaka daktari aseme, na hata daktari akisema, wataona. Mama Breki alisikiliza yote amesimama wima. Ilimuuma kuliko alivyotegemea. Aliona aibu, na chini ya aibu hofu tupu ya mtu ambaye hajui kesho asubuhi ataamka aende wapi.

Gari la mtahini likasikika nje. Mkuu akamtazama kinyozi. "Kama umetikisika, tuahirishe. Ni haki yako."

Kinyozi alikuwa anainua vidole kimoja kimoja, midomo ikimchezacheza: mzunguko, reli, lori, mzunguko. Alirudia toka mwanzo. Kisha akamgeukia Mama Breki, na hasira ilikuwa bado imejaa machoni mwake, hasira ya haki kabisa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni wewe."

"Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya lile gari."

"Hakukuwa na mtu."

Akashusha pumzi ndefu, akavuta kola ya shati ikakaa sawa, akatoka kwenda kwa mtahini. Kupitia dirishani Mama Breki alimuona akiingia garini na kufunga mkanda, mikono yake juu ya usukani ikiwa imetulia kama juu ya kichwa cha mteja. Kinyozi hakumwangalia tena mwalimu wake, wala hakumuaga.