Mama Itika na Mlango wa Tatu

Saa mbili asubuhi soko limeshachangamka. Mama Itika anapita mbele ya milango ya choo cha wanaume, mpini wa ufagio begani kama askari wa gwaride. Anagonga mlango wa kwanza.

"Itika!"

"Nipo, mama! Kwani hata humu mtu hapumziki?"

"Pumzika, ila pumzika kwa sauti."

Anagonga wa pili. "Itika!"

"Mimi naitika, tumbo ndilo limegoma!"

Foleni inaangua kicheko. Yeye hacheki. Ameshafika mlango wa tatu, na hapo mpini unasita hewani.

Ni msafishaji wa choo cha soko, kazi ambayo watu huitaja huku wakitazama pembeni. Mshahara wake huisha kabla mwezi haujaisha. Kwenye mfuko wa aproni yake, chini ya glavu, kuna kichupa cha dawa ya kupuliza puani. Mtu akizidiwa na heroini, ule unga wa kujichoma, hadi pumzi ikaanza kumkatika, dawa hiyo humrudisha. Muuguzi wa zahanati ya jirani ndiye aliyempa na kumfundisha kuitumia.

Kugonga milango ni mpango wake mwenyewe, na ndiko kulikompa jina la Mama Itika. Watumiaji wa unga hujifungia chooni kwa sababu hawana pengine penye komeo. Wakizidiwa, hakuna anayewaona.

"Anayeitika anapumua," anasema. "Asiyeitika, navunja komeo. Akinitukana nafurahi, maana tusi linahitaji pumzi."

Sasa kamati ya soko inataka choo kitiwe kufuli, na askari azunguke kukamata kila atakayekutwa na bomba la sindano. Mwenyekiti anauita huo usafi.

Usafi! Wenye kumbukumbu hawajasahau. Enzi za mwenyekiti aliyepita choo hiki kilifungwa, wakubwa wakapigwa picha wameinua ufunguo kama kombe. Hakuna aliyeacha unga. Watu walihamia nyuma ya mabucha, na huko ndiko walikookotwa, mmoja leo, mwingine wiki inayofuata. Wenzao walikuwa wametimua mbio badala ya kuita msaada, kwa sababu aliyeita msaada alitupwa naye kwenye gari la polisi. Hakuna mkubwa aliyerudi kupigwa picha na maiti. Choo kikafunguliwa kimyakimya, hata pole haikutoka.

Kamati ilimwita Mama Itika mkutanoni aeleze kazi yake. Alikuwa na la kueleza, lakini lilikuwa aibu ya nyumbani kwake.

Mlango wa tatu ni wa mdogo wake, tumbo moja. Sokoni wanamwita Fundi, kwa sababu zamani alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Nyumbani mgeni akimuulizia, huambiwa yuko safarini. Yeye na dada yake walikuwa wakipishana sokoni kama watu wasiojuana. Dada alipogonga, wengine waliitika. Fundi alinyamaza, asije akajulikana kwa sauti. Dada naye, akijua ni nani aliyemo, alipita.

"Nilimwonea haya, naye akanionea haya, tukaishi hivyo hivyo," anasema, macho yake kwenye ndoo. "Nilikuwa navunja makomeo ya watoto wa watu. La mdogo wangu nikalipita, nikajiambia namsitiri."

Kisha siku moja alipita, akarudi, akapita tena. Alipokuwa akipiga deki akaona maji yamekwama chini ya mlango wa tatu. Kisigino kilikuwa kimeyazuia.

Alivunja komeo. Midomo ya Fundi ilikuwa na rangi ya majivu. Alimpulizia dawa puani, akampa pumzi kwa mdomo wake, foleni nzima ikitazama. Fundi alizinduka akitetemeka, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, usimwambie mama."

Mama yao aliambiwa ni presha. Lakini soko lina midomo, na siku mbili kabla ya mkutano habari ilikuwa imeshamfikia.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "ukilisema hilo hadharani, mimi nitapita na uso gani?"

Mkutanoni alilisema. Ushujaa haukuwepo. Sauti ilikuwa chini mno, akaambiwa arudie, na kwa hiyo aibu hiyo ilibidi isemwe mara mbili.

"Kumbe una teja nyumbani!" mwenyekiti akaruka. "Ndiyo maana unawatetea."

"Nina mdogo wangu nyumbani," akajibu. "Na si unga peke yake uliotaka kumuua. Mimi niliyepita mlango wake nilikuwa nausaidia. Mkiweka kufuli, mtakuwa mnapita milango yote."

Kamati ikaahirisha uamuzi hadi kikao kijacho. Tangu siku hiyo mama yao humwekea binti yake chakula mezani bila kumsemesha.

Anachokitaka Mama Itika ni kidogo, na ni aibu kwamba mtu analazimika kukiomba: choo kibaki wazi, wauza nyama na walinzi wafundishwe kutumia dawa ile ya puani, anayeita msaada asikamatwe, na anayetaka kuacha apelekwe kwa muuguzi, asipelekwe rumande. Fundi ameshauliza njia ya zahanati. Kwenda, bado.

Mpini unashuka mlango wa tatu.

"Itika!"

Kimya. Anagonga tena, mkono wa kushoto umeshaingia kwenye mfuko wa aproni.

Ndani mtu anakohoa. "Nipo." Kisha, kwa sauti inayofika hadi mwisho wa foleni: "Nipo, dada."

Vichwa vyote vinamgeukia Mama Itika. Uso unamwaka, anautazama ufagio.

"Haya, endelea kuongea," anasema, na anaegemeza mgongo kwenye mlango wa ndugu yake mbele ya watu wote. "Ukitoka, tunakwenda kwa muuguzi. Nitakushika mkono, na sokoni tutapita katikati."